Saa ya mfukoni iliyobaki Mulungwishi: tuisome kwanza, tuisugue baadaye

Mama mmoja wa hapa Mulungwishi ametuletea saa ya mfukoni iliyofungwa katika kitambaa. Jirani yake, mzee wa reli, alimwachia mwaka 1993, siku aliyopanda treni kwenda Kasai na familia yake. Alisema atarudi kuichukua. Hakurudi. Mama anataka saa ifike kwa watoto wa mzee huyo. Anauliza pia: ni saa ya reli kweli, na inaweza kutembea tena?

Reli ilifika Lubumbashi kutoka kusini mwaka 1910, na Bukama mwaka 1918. Kampuni ya BCK, iliyoundwa mwaka 1906, ilifikisha treni Ilebo mwaka 1928. Watu wengi kutoka Kasai walikuja kufanya kazi kwenye njia hiyo, na watoto wao wakazaliwa hapa kwetu. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Maelfu walilala kwenye gare wakingoja treni, na wengine walifia hapo au njiani. Wengi waliondoka kwa reli ileile waliyoifanyia kazi.

Kwa nini mtu wa reli alihitaji saa nzuri? Kwenye njia moja, treni mbili hupishana tu kwenye gare. Masinisti akikosea dakika chache, watu wanakufa. Marekani walijifunza hivyo mwezi wa Aprili 1891, treni mbili zilipogongana Kipton, Ohio. Inasimuliwa kwamba saa ya masinisti mmoja ilikuwa imesimama dakika nne, kisha ikaendelea. Baadaye fundi Webb C. Ball alisimamia kanuni za saa za reli: uso usio na kifuniko, namba kubwa zinazosomeka upesi, mawe ya rubi yasiyopungua 17 ndani ya mashine, na kosa lisilozidi sekunde 30 kwa juma.

Saa ya mama ina picha ya treni mgongoni. Hiyo peke yake si ushahidi, kwa sababu saa nyingi za bei ndogo zilichorwa treni ili zivutie wanunuzi. Ukikuta neno Roskopf usoni, mara nyingi ni saa rahisi ya watu wote. Ushahidi uko ndani. Fundi wa saa wa Likasi aliifungua mbele yetu: imetengenezwa Uswisi, ina mawe 15, namba zake ni nyeusi na wazi. Haifikii kanuni za Marekani, lakini ni mashine ya kazi, si pambo.

Haikuvunjika. Mafuta ya zamani yalikauka yakawa kama gundi. Fundi aliifungua kipande kwa kipande, akaosha vyuma kwa benzini, akabadili resori iliyochoka, akatia mafuta kidogo sana kwa ncha ya sindano. Wenye saa kama hii nyumbani, msiizungushe kwa nguvu ikikataa, wala msitie mafuta ya kupikia.

Kisha fundi akataka kusugua kifuniko king'ae. Mama akasema hapana, na alikuwa na haki. Ndani ya kifuniko kuna namba, herufi mbili zilizokwaruzwa kwa mkono, na alama ndogo ambazo mafundi wa zamani huacha kila wanapotengeneza saa. Ukisugua, unafuta jina la mwenyewe. Tumepiga picha alama zote.

Hatutazitangaza hapa. Atakayesema saa ni ya baba yake, ataje herufi hizo, au aeleze kitambaa kilikuwa cha rangi gani. Mama anasema hataki shukrani wala franka. Anataka tu mtu anayejua.

Na ninyi mlio mbali na makwenu leo, andikeni kila kitu mlichoachia jirani: namba, alama, jina la aliyepokea. Wafundisheni watoto. Mzee yule hakuacha karatasi. Aliacha mikwaruzo miwili na jirani mwaminifu.

Saa inatembea sasa. Kila asubuhi mama anaizungusha mara chache, anaisikiliza, kisha anairudisha katika kitambaa.