Mabaki ya viza za Waaustralia

Kila mwaka Marekani hutenga viza 10,500 za aina ya E-3 kwa wataalamu wa Australia peke yao, na kila mwaka maelfu kati ya hizo hukosa wa kuzichukua. Mwaka 2018 Ayalandi iliomba raia wake wapewe mabaki hayo. Novemba ya mwaka huo Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kuidhinisha ombi hilo bila mvutano. Katika Seneti, ambako muda ulikuwa ukiyoyoma na ridhaa ya wote ilihitajika, pingamizi la seneta mmoja liliuzima. Mwaka 2020 muswada ulipita tena kwa wawakilishi na kukwama tena kwa maseneta. Watetezi wake husema kugawa kilichobaki hakumpunguzii mtu kitu. Hoja hiyo inavutia, lakini inadhani kwamba hizo 10,500 zilitokana na hesabu ya mahitaji ya ajira. Historia inaonyesha kwamba fungu lenye jina la nchi hupimwa kwa urafiki, na urafiki haupanui mlango kwa mwingine yeyote.

Tuanze na Waaustralia wenyewe. Mwaka 2004 Chile ilianza kupata viza 1,400 za wataalamu na Singapore 5,400, zote kupitia mikataba ya biashara huria. Wabunge walichukizwa kuona masuala ya uhamiaji yakiamuliwa na wapatanishi wa biashara, kwa hiyo mkataba wa Australia, ulioanza kutumika Januari 2005, haukugusa viza. Mei mwaka huohuo viza zikaibukia kwingine kabisa: zilichomekwa katika sheria ya fedha za dharura kwa ajili ya vita na misaada ya tsunami. Australia ilikuwa imepeleka wanajeshi Iraq. Sijui hesabu gani ya soko la ajira ingeipa nchi ya watu kama milioni 20 nafasi 10,500 za peke yake, huku dunia karibu nzima ikigombea viza za kawaida za wataalamu, H-1B, 65,000 pamoja na nyongeza 20,000 za waliosomea shahada za juu Marekani. Na tofauti si ya idadi tu. Mwaustralia mwenye shahada na barua ya ajira, mwajiri wake akishapata idhini ya Wizara ya Kazi kuhusu mshahara, huenda moja kwa moja ubalozini. Viza yake ni ya miaka miwili, inaweza kuongezwa tena na tena, na mwenzi wake anaruhusiwa kufanya kazi. Mhindi mwenye shahada ileile husubiri kura ya H-1B.

Waayalandi, kwa upande wao, si wageni katika mchezo huu. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ilitanguliza wenye ndugu wa karibu Marekani, na vijana waliokimbia ukosefu wa ajira Ayalandi miaka ya 1980 wengi hawakuwa na ndugu wa aina hiyo. Mwaka 1986 mbunge Brian Donnelly wa Massachusetts aliwapatia upenyo: viza zilizotolewa kwa posta, anayetangulia ndiye anayepata, na mtu aliruhusiwa kutuma barua kadiri awezavyo. Waayalandi, waliokuwa wamejipanga vizuri, walizoa takriban asilimia 40. Kisha sheria ya 1990, iliyosukumwa na Bruce Morrison wa Connecticut, ilitenga viza 40,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na asilimia 40 zikawekwa kwa wazaliwa wa nchi iliyopata viza nyingi zaidi katika mpango uliotangulia. Ayalandi haikutajwa, ila kila mtu alijua ni nani. Lakini sheria hiyohiyo iliweka, kwa baadaye, mpango wa kudumu uliofuata kanuni: nafasi ziende kwa sehemu za dunia zinazopeleka wahamiaji wachache. Mpango huo ulipoanza mwaka 1995, kanuni ikafanya kazi yake bila kujali ilitungwa na nani. Ndiyo bahati nasibu ya grini kadi wanayoijua Wakenya, Wakongo na Watanzania, na Afrika imepata humo fungu kubwa. Wapiganiaji wa Ayalandi waliwafungulia mlango watu wasiowafikiria, kwa sababu kanuni haina utaifa.

Watakaopinga watasema viza ya wataalamu ni biashara ya kupeana, na kwamba Ayalandi nayo ilikuwa tayari kuwalegezea masharti Wamarekani wanaotaka kustaafu huko. Nakubali, serikali zina haki ya kubadilishana upendeleo. Wengine huhofia mishahara ya Wamarekani kushuka, hofu ninayoiona dhaifu kwa E-3, kwa sababu mwajiri analazimika kulipa angalau mshahara wa soko. Ila kama mabaki ni hasara, ni hasara kwa yeyote mwenye sifa, si kwa Mwayalandi tu. Muswada ungeweza kusema yaende kwa foleni ya H-1B, au kwa nchi yoyote itakayokubali kupokea wataalamu wa Marekani kwa masharti yaleyale. Badala yake uliongeza jina la pili kando ya la kwanza.

Kwa nchi isiyo na wapiga kura wengi Boston wala wanajeshi Baghdad, tofauti kati ya kanuni na jina ni kubwa. Kenya na Marekani zilipotangaza ushirikiano wa kibiashara Julai 2022, orodha ya mambo ya kujadili ilitaja kilimo, rushwa, forodha, haki za wafanyakazi na biashara ya kidijitali. Viza za wataalamu hazikuwamo.