Vazi la Kuogea na Vazi la Kuogelea: Historia Fupi ya Majina

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari wilayani Serengeti aliwahi kuniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa akiandika orodha ya vifaa vya michezo vya wasichana, na alipofika kwenye nguo ya kuvaliwa majini kalamu yake ikasita. Akiandika "nguo ya kuogea", wazazi watadhani kanga yatosha. Akiandika "bikini", watawakataza mabinti zao. Akiandika "vazi la ufukweni", atachekwa, maana Mugumu hakuna ufuko. Makala haya yanakusudia kueleza majina hayo yalikotoka, na kupendekeza lipi litufae.

Hapana budi kuanza na nguo yenyewe. Kabla ya vitambaa vya pamba kuenea, Wakurya wa Tarime, na Wangoreme, Waikoma na Wanata wa Serengeti, walivaa ngozi za wanyama zilizolainishwa. Vitambaa vilipofika bara kutoka pwani, vilikuja na majina yao. Merikani ilikuwa nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iliyopewa jina la nchi ya Marekani ambako wafanyabiashara waliileta Zanzibar katika karne ya 19. Kaniki ilikuwa nguo nyeusi au ya buluu iliyoiva, iliyotoka Bara Hindi. Leso ni neno la Kireno, na kanga ni jina la ndege mwenye madoadoa. Baada ya Uhuru, kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kilizidi kuzieneza kanga na vitenge nchini.

Msomaji ataona kwamba majina hayo yote hutaja asili ya nguo au sura yake. Hakuna hata moja linalotaja kazi yake. Kanga ni ile ile jikoni, msibani na mtoni. Kinachobadilika ni kitenzi: mwanamke hujifunga kanga, hujitanda kanga, humbebea mtoto kanga. Ndiyo maana mwanamke anayeteremka kuoga kwenye Mto Mara akiwa amejifunga upande mmoja kifuani hana jina la pekee la vazi hilo. Hakulihitaji. Kitenzi kilitosha.

Hapa ndipo sarufi inapotusaidia. Kutokana na kitenzi "oga" tumepata "ogea", yaani kuoga kwa kutumia kitu au mahali fulani, na "ogelea", ambalo limerefushwa zaidi na kubadilika maana, likawa kwenda majini kwa nguvu za mikono na miguu. Kuoga ni usafi. Kuogelea ni ujuzi. Upande wa kanga ni vazi la kuogea lililo bora, kwani husitiri na hukauka upesi juani. Lakini si vazi la kuogelea. Pamba hunywa maji ikawa nzito, na nguo iliyofungwa kiunoni hunasa miguu. Tofauti ya silabi moja yaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti.

Huko Ulaya pia mambo yalianza vivyo hivyo. Wanawake wa karne ya 19 waliingia baharini na magauni mazito, kwa sababu hawakukusudiwa kuogelea bali kujiloweka tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwogeleaji wa Australia, Annette Kellerman, alijulikana sana kwa kuvaa vazi la kipande kimoja lililobana mwili, na mwaka 1912 wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika kuogelea kwenye Michezo ya Olimpiki, mjini Stockholm. Kazi ilipobadilika, vazi nalo likabadilika.

Jina "bikini" lina historia nyingine. Machi 1946 Marekani iliwahamisha wenyeji 167 wa kisiwa cha Bikini, katika visiwa vya Marshall, ili ijaribu mabomu ya atomiki. Bomu la kwanza lililipuliwa Julai mosi kwa saa za huko, na tarehe 5 Julai mshonaji Louis Réard alionyesha mjini Paris vazi dogo la vipande viwili, akalipa jina la kisiwa hicho kilichokuwa kikitajwa na dunia nzima. Jina halielezi nguo wala kazi yake. Baadaye watu walidhani "bi" maana yake ni "mbili", wakaunda "monokini" mwaka 1964, na mengine yakafuata.

Nchini kwetu vazi hilo liliingia katika mjadala wa heshima kabla ya kuingia majini. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Mashindano ya urembo nayo yalipigwa marufuku miaka hiyo, yakarejea mwaka 1994. Magazeti yakahitaji jina la heshima kwa nguo waliyovaa washiriki, na ndipo "vazi la ufukweni" liliposhika. Si istilahi mbovu kwa kazi hiyo. Lakini hutaja mahali pa kutazamwa, na tangu hapo msichana anayetaka kujifunza kuogelea hudhaniwa anataka kutazamwa.

Mwaka 2004 Aheda Zanetti, wa Sydney, alibuni vazi linalofunika mwili na kichwa, akaliita burkini. Mavazi ya namna hiyo yamewawezesha wasichana wa Nungwi, Unguja, kufundishwa kuogelea katika mradi wa Panje bila kuvunja mila zao. Neno hili nalo lina mtego wake kwetu: tukiliandika kwa matamshi ya Kiswahili litakuwa "bukini", na Bukini ni jina la zamani la Madagaska!

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba istilahi ya jumla iwe "vazi la kuogelea", kwa kuwa ndiyo pekee inayotaja kazi. Chini yake tuwe na "vazi la kuogelea la kipande kimoja", "la vipande viwili", na "la stara" kwa lile linalofunika mwili. "Bikini" libaki kuwa jina la mtindo mmoja tu, na "vazi la ufukweni" libaki jukwaani.

Huenda wengine wakaona kwamba hili ni jambo dogo. Lakini Mkoa wa Mara umepakana na Ziwa Viktoria, na Tarime yenyewe ilifika ziwani hadi Rorya ilipomegwa mwaka 2007 kuwa wilaya. Katika ziwa hilo hilo MV Bukoba ilizama mwaka 1996 na kuua mamia ya watu, na mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu 228. Sisemi kwamba neno lingewaokoa. Nasema tu kwamba jina linalomwaibisha mzazi humzuia mtoto kuingia majini na kujifunza.

Mwalimu yule nilimwandikia: andika "vazi la kuogelea la stara", na uwaeleze wazazi kwa nini kanga haitoshi. Wasomaji wa Tarime na Serengeti wenye maneno ya lugha zao kwa nguo za majini wanaombwa watuandikie, ili tuyapime kabla hayajasahaulika.