Bidhaa zinazorudi: Namna muuzaji wa mtandaoni anavyoweza kulinda faida yake

MTEJA anayenunua dukani huishika bidhaa, huigeuza, huijaribu na kuuliza maswali kabla ya kutoa fedha. Anayenunua kwa njia ya mtandao hulipa kwanza, au huagiza kwanza, kisha hukagua baadaye. Kwa sababu hiyo, katika biashara ya mtandaoni mauzo hayakamiliki siku fedha zinapoingia, bali siku muda wa kurejesha bidhaa unapomalizika.

Wauzaji wengi wanaoanza katika masoko ya mtandaoni huhesabu bei ya kununulia, kamisheni ya soko na usafirishaji, wakaona faida ipo. Kinachosahaulika ni mzigo unaorudi. Mzigo huo ndio unaoweza kumaliza mtaji wa mfanyabiashara mdogo huku orodha ya mauzo yake ikionekana kunawiri.

Ukubwa wa tatizo unaonekana vema nchini Marekani. Shirikisho la Taifa la Wauzaji wa Rejareja la nchi hiyo (NRF) lilikadiria kuwa mwaka 2024 bidhaa zenye thamani ya dola bilioni 890 zingerejeshwa, sawa na asilimia 16.9 ya mauzo yote ya rejareja ya mwaka huo. Mavazi na viatu ni miongoni mwa bidhaa zinazorejeshwa zaidi, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuzijaribu kupitia kioo cha kompyuta au simu.

Sheria na kanuni za masoko

Kiasi cha gharama kinachomwangukia muuzaji hutegemea mambo mawili: sheria ya nchi anakouza na kanuni za soko analolitumia.

Katika Umoja wa Ulaya, mwongozo wa haki za walaji wa mwaka 2011, ulioanza kutumika Juni 2014, humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 tangu apokee bidhaa kubatilisha ununuzi wake bila kutoa sababu yoyote. Muuzaji hulazimika kumrejeshea bei pamoja na gharama ya kawaida ya usafirishaji wa awali. Nauli ya kuirudisha bidhaa huwa juu ya mnunuzi, mradi muuzaji alimjulisha mapema na hakukubali kuibeba mwenyewe. Muuzaji asiyemfahamisha mnunuzi haki yake ya kubatilisha hujiongezea mzigo, kwani muda huo husogezwa mbele kwa miezi 12. Zipo bidhaa zisizohusika, zikiwamo zilizotengenezwa kwa vipimo vya mteja mmoja na zile zilizofungwa kwa sababu za afya kisha zikafunguliwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 humtaka muuzaji kumfahamisha mnunuzi mambo muhimu kabla ya mkataba wa intaneti kufungwa, na kumpa nafasi ya kuukubali, kuukataa au kusahihisha makosa. Tanzania nayo ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo ina vifungu vinavyomlinda mlaji katika biashara ya mtandao.

Masoko yenyewe yana kanuni zake. eBay, lililoanzishwa mwaka 1995, humruhusu muuzaji kuchagua kama atapokea bidhaa zinazorudi, kwa muda gani, na nani atalipa nauli. Hata hivyo, bidhaa ikifika ikiwa tofauti na ilivyoelezwa, dhamana ya soko humlinda mnunuzi, na gharama ya kuirudisha humwangukia muuzaji hata kama aliandika kwamba hapokei bidhaa zilizouzwa.

Amazon, kwa upande wake, humrejeshea muuzaji kamisheni mteja anaporudishiwa fedha, lakini hubakiza ada ya kushughulikia marejesho. Katika soko lake la Marekani ada hiyo ni dola 5 au asilimia 20 ya kamisheni, kutegemea kipi ni kidogo. Kwa bidhaa ya dola 100 yenye kamisheni ya asilimia 15, muuzaji hupoteza dola 3 hata kabla ya kufikiria usafiri. Aidha, tangu Juni 2024 soko hilo lilianza kuwatoza ada ya ziada wauzaji wanaotumia maghala yake iwapo bidhaa yao inarudi kwa kiwango kinachozidi kile kilichowekwa kwa aina yake. Mavazi na viatu vina utaratibu wake peke yake.

Hesabu ya jozi moja ya viatu

Ili kuelewa jinsi faida inavyoliwa, chukulia mfanyabiashara wa Nairobi anayeuza viatu kwa shilingi 3,000 jozi moja. Amevinunua kwa shilingi 1,800. Soko linamtoza kamisheni ya shilingi 360, kifungashio kinagharimu shilingi 60, na kumfikishia mteja mzigo ni shilingi 250. Faida yake kwa jozi ni shilingi 530.

Jozi hiyo ikirudi, hata kama soko litafuta kamisheni yote, zile shilingi 250 za kwenda na 60 za kifungashio zimekwisha kutumika. Kuna shilingi 250 nyingine za kurudi, na tuseme 40 za kusafisha na kufungasha upya. Kiatu kilichokwisha kuvaliwa ndani ya nyumba hakiuziki tena kwa bei ya kipya. Kikipungua thamani kwa asilimia 20 ya bei ya kununulia, hiyo ni shilingi 360. Jumla ya hasara ni shilingi 960. Kwa maneno mengine, jozi moja inayorudi inameza faida ya karibu jozi mbili zilizouzwa vema.

Tazama sasa jozi 100. Zisiporudi hata moja, faida ni shilingi 53,000. Zikirudi 20, faida ya zile 80 ni shilingi 42,400, na ukiondoa hasara ya shilingi 19,200 hubaki shilingi 23,200 tu. Moja ya tano ya mizigo imerudi, lakini zaidi ya nusu ya faida imetoweka. Zikirudi 36, muuzaji hana faida tena. Amefanya kazi ya bure na kidogo ametoa mfukoni.

Hesabu hiyo ina upande wa pili wenye kutia moyo. Muuzaji huyo akipunguza zinazorudi kutoka 20 hadi 15, faida yake hupanda hadi shilingi 30,650. Ameongeza shilingi 7,450 bila kutangaza zaidi wala kuongeza mtaji.

Kulipa wakati wa kupokea mzigo

Afrika Mashariki ina sura yake ya tatizo hili. Kampuni ya Jumia, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2012 na kufunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019 huku ikiendelea Kenya, ilijenga sehemu kubwa ya biashara yake kwa kuwaruhusu wateja kulipa wanapopokea mzigo. Wauzaji wadogo wanaotangaza bidhaa kwenye mitandao ya kijamii, kutoka Kariakoo hadi katikati ya Nairobi, nao hutumia utaratibu huohuo, kwa kuwa mnunuzi huogopa kutuma fedha kwa mtu asiyemfahamu.

Utaratibu huo hujenga imani, lakini humwachia muuzaji hatari yote. Mteja anaweza kuzima simu, kubadili nia au kukosa fedha siku mwendesha bodaboda anapobisha hodi. Hapo mzigo haukuuzwa wala haukutumika, lakini nauli ya kwenda na kurudi imelipwa, na bidhaa imekaa njiani siku kadhaa ambazo ingeweza kununuliwa na mtu mwingine.

Dawa yake si kuukataa utaratibu huo, bali kuupunguzia hatari. Kumpigia mteja simu kabla ya mzigo kuondoka, kuthibitisha mahali na saa, na kumwomba alipe nauli mapema kwa simu ni hatua ndogo zinazochuja wasio na nia ya kununua. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, malipo madogo ya aina hiyo yamekuwa rahisi. Muuzaji akumbuke tu kwamba kumrudishia mteja fedha kwa njia hiyo kunaweza kuwa na makato, na makato hayo ni sehemu ya gharama.

Kuzuia kabla ya kurudi

Bidhaa rahisi kuishughulikia ni ile isiyorudi. Bidhaa nyingi hurudi kwa sababu kilichofika si kile mnunuzi alichokuwa amekitarajia, na tofauti hiyo huanzia kwenye maelezo ya muuzaji mwenyewe.

Nguo isielezwe kuwa ya saizi ya kati pekee, kwa kuwa saizi ya kati ya kiwanda kimoja ni ndogo ya kiwanda kingine. Vipimo vya kifua, kiuno na urefu kwa sentimita, vilivyopimwa kwa utepe juu ya nguo yenyewe, humwondolea mnunuzi haja ya kubahatisha. Humwondolea pia sababu ya kuagiza saizi tatu ili abaki na moja. Picha zionyeshe rangi katika mwanga wa kawaida na kitu cha kulinganishia ukubwa. Kasoro, ikiwapo, ionyeshwe waziwazi. Maelezo yanayokweza bidhaa huongeza mauzo leo na marejesho kesho.

Kwa vifaa vya umeme, aina ya plagi, volti na simu au mashine zinazolingana navyo vitajwe. Chaja nzima isiyoingia kwenye simu ya mteja itarudi kama iliyoharibika.

Ufungashaji nao una nafasi yake. Kifungashio cha shilingi 20 zaidi kinachozuia kioo kuvunjika ni nafuu kuliko nauli mbili na bidhaa iliyoharibika.

Mzigo unapofika tena mezani

Bidhaa iliyorudi ikaguliwe siku hiyohiyo, kwani kila wiki inayokaa pembeni hupunguza thamani yake, hasa kwa bidhaa za msimu. Baada ya ukaguzi ipangwe katika moja ya mafungu manne: inayofaa kuuzwa kama mpya, inayofaa kuuzwa kwa punguzo huku hali yake ikielezwa, inayohitaji matengenezo, na isiyofaa. Kuchanganya mafungu hayo ni hatari. Bidhaa iliyotumika ikiuzwa kama mpya itarudi mara ya pili, safari hii ikiwa na malalamiko.

Kabla ya kuomba bidhaa irudishwe, muuzaji alinganishe thamani itakayobaki na gharama ya kuipata. Kifuniko cha simu cha shilingi 300 hakistahili nauli ya shilingi 250. Mara nyingine ni nafuu kumrejeshea mteja sehemu ya fedha naye abaki na bidhaa, au kumbadilishia saizi badala ya kufuta ununuzi wote. Uamuzi huo usigeuzwe desturi inayojulikana na wote, la sivyo utawavuta wadanganyifu.

Udanganyifu upo. Wapo wanaovaa nguo kwenye sherehe kisha wakairudisha, na wapo wanaorudisha kifaa kibovu cha zamani badala ya kizima walichonunua. Kinga yake ni kumbukumbu: nambari ya kifaa iandikwe, picha ya bidhaa ipigwe kabla ya kufungwa, na stakabadhi ya msafirishaji itunzwe. Masoko makubwa huwa na njia ya muuzaji kupinga madai, nayo huwa na muda maalumu. Katika eBay, kwa mfano, wauzaji wa daraja la juu wanaotoa marejesho ya bure wanaweza kukata hadi asilimia 50 ya fedha za mteja aliyerudisha bidhaa ikiwa imetumika au imeharibika. Asiye na picha hana la kuonyesha.

Daftari ndilo mwamuzi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kila bidhaa inayorudi iandikwe pamoja na tarehe, sababu, gharama ya kwenda, gharama ya kurudi na bei iliyouzwa baadaye. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litasema mengi. Ikiwa wateja wengi wanalalamikia kiatu kimoja kuwa kidogo, tatizo si wateja. Ni jedwali la vipimo au kiwanda. Ikiwa mizigo ya mji mmoja ndiyo inayovunjika, msafirishaji wa njia hiyo achunguzwe.

Daftari pia humwezesha muuzaji kupanga bei kwa haki. Katika mfano wa jozi 100 ambapo 20 zilirudi, kila jozi kati ya 80 zilizobaki kwa wateja ilibeba shilingi 240 za gharama ya zilizorudi. Kiasi hicho kinapaswa kuwamo katika hesabu ya bei tangu mwanzo, na fedha zake zitengwe badala ya kutumiwa kama faida. Soko likiwa halikubali bei hiyo, na marejesho hayapungui baada ya kurekebisha maelezo na ufungashaji, bidhaa hiyo haifai kuendelea kuuzwa mtandaoni hata kama inatoka kwa wingi.

Kumnyima mteja haki ya kurudisha hakuondoi gharama. Huihamishia kwenye mauzo ambayo hayakufanyika, kwa kuwa mnunuzi asiye na uhakika haagizi kabisa. Masharti mafupi, yaliyoandikwa kwa lugha inayoeleweka na kutajwa kabla ya malipo, humlinda mnunuzi na humwacha muuzaji akijua mapema gharama ya kila ahadi anayoitoa.