Mji wa Goma unaweza kupokea nyumba ngapi?

Leo tuzungumze juu ya hesabu ya ardhi. Ugomvi mwingi wa parseli huanza siku mtu mkubwa anaponyoosha kidole na kusema: "Pale ni patupu, kateni viwanja." Je, Goma ina pahali patupu?

Tuangalie mji ulivyokaa. Kusini ni ziwa Kivu. Mashariki ni mpaka wa Rwanda. Kaskazini ni volkano ya Nyiragongo na mbuga ya Virunga. Inabaki njia ya kwenda Sake, na teritware ya Nyiragongo, ambako watu wanalima.

Katika nafasi hiyo ndogo, mwezi wa Julai 1994, waliingia wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda kwa siku chache. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima ulifunika karibu sehemu 13 kwa 100 ya mji, ukafika ziwani. Watu walijenga tena juu ya jiwe lile, hali alama za mipaka zimezikwa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena na kuunguza nyumba upande wa Buhene. Kisha vita vilijaza kambi kandokando ya mji, na mwanzoni mwa 2025 kambi nyingi zikavunjwa.

Sasa tuhesabu. Hekta moja ni meta za mraba 10,000. Parseli ya meta 15 kwa 20 ni 300. Mwenye haraka atasema: parseli 33. Lakini ukitoa theluthi moja kwa barabara, shule, soko na maji, zinabaki 22. Toa tena njia ya moto wa mlima, na pale ambapo jiwe linakataa kuchimbwa choo. Halafu uliza: nani analima hapa?

Swali hilo la mwisho ndilo husahauliwa, na ndilo humwaga damu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi ni mali ya serikali. Iliahidi pia amri ya rais ya kupanga haki za wanaokaa kwa desturi. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo. Hivyo mmoja analima tangu babu yake bila hati, mwingine ana hati bila kushika jembe, na wote wawili wanaamini wana haki.

Kwa hiyo, ninyi viongozi, kabla ya kukata kiwanja, iteni kadastri, wazee na waliohama wakae pamoja. Andikeni majina ya wasiokuwapo. Shamba la mtu aliyekimbia risasi lisihesabiwe kuwa nafasi ya mji. Nanyi mliohama, tunzeni kila karatasi, na kumbukeni majina ya majirani mliopakana nao, maana ndio mashahidi wenu.