Salopeti ya papa, salopeti ya kutembea

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alirudi kutoka soko la Kamembe na salopeti ya jinzi, ya caguwa, buluu iliyopauka kwenye magoti. Tulishangilia wote. Tukapanga zamu: kila mtu aivae, apigwe picha kando ya ziwa. Kisha papa yake akaingia. Akaitazama, akauliza: "Umepata kazi?" Kijana akacheka: hapana papa, ni ya kutembea tu. Mzee hakucheka. Kule Bukavu alikuwa fundi wa magari miaka mingi, na jioni salopeti yake aliivua nje, kabla ya kuingia nyumbani. Alisema neno moja tu: "Mimi niliivaa ili wewe usiivae." Siku hiyo hakuna picha iliyopigwa.

Tangu hapo swali limetukaa. Nguo ya jasho inageukaje kuwa nguo ya starehe?

Kumbe hata walioanzisha suruali ya jinzi walikuwa watu waliohama kwao, kama sisi. Jacob Davis, fundi cherehani, alitoka Riga. Levi Strauss, muuza vitambaa wa San Francisco, alitoka Bavaria, Ujerumani. Davis alikuwa na kiduka mjini Reno, Nevada. Mke wa mkata kuni mmoja akamwomba amshonee mume wake suruali isiyochanika haraka. Davis akachukua vile vipande vidogo vya shaba alivyokuwa akifungia mikanda kwenye mablanketi ya farasi, akavigongelea kwenye pembe za mifuko, pale nguo inapoanza kuachia. Watu wakazigombania. Pesa ya kulipia hati ya uvumbuzi hakuwa nayo, basi akamwandikia Strauss, ambaye ndiye alimuuzia kitambaa, wakashirikiana. Hati ilitoka tarehe 20 Mei 1873. Wateja walikuwa wachimba madini, wachunga ng'ombe, vibarua. Angalia jinzi uliyovaa sasa: vile viduara vya shaba bado viko mfukoni, hata kama mzigo wako mzito ni simu.

Mgeuko mkubwa ulikuja miaka ya 1930. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na mashamba mengi ya ng'ombe huko magharibi yalikuwa yanaishi kwa kupokea watalii. Matajiri wa miji ya mashariki walilipa ili wapande farasi, walale shambani na wavae kama wachungaji. Mwaka 1934 kampuni ya Levi's ikatoa jinzi za kike. Yaani mchungaji analipwa kwa kazi anayoifanya na suruali ile, mtalii analipa ili aivae! Likizo ikiisha anarudi nayo mjini, wenzake wajue alikuwa wapi. Halafu sinema zikamalizia kazi: Marlon Brando mwaka 1953, James Dean 1955.

Sinema hizo za kimarekani, hasa za cowboy, zilifika mpaka kwetu Kongo. Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, miaka ya 1950 ilikuwa na vijana walioitwa Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa jinzi, mashati ya mirabaraba, vitambaa shingoni. Wakajitungia na lugha yao, Hindoubill. Ng'ombe hawana hata mmoja! Wengi hawakuwa na shule wala kazi ya maana. Wakati huo Wabelgiji walikuwa wanawasifu wale walioitwa évolué, Waafrika wa suti na tai waliofanana na bosi. Bills wakakataa suti ya bosi, wakachagua nguo ya kibarua wa mbali. Sisi hapa tunabishana kama ilikuwa akili au filamu tu. Tunajua tarehe 4 Januari 1959, mji ulipolipuka dhidi ya ukoloni, vijana wa namna hiyo walikuwa barabarani.

Sasa turudi Rusizi. Ile salopeti ni caguwa, neno ambalo ni "chagua" letu la Kiswahili. Tangu mwaka 2016 Rwanda ilipopandisha ushuru wa nguo kuukuu, kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, kuchagua kumekuwa ghali, na ng'ambo ya mto bei ni nyingine, ndiyo maana magendo hayaishi. Wanaovaa salopeti mpya hapa, ile Wanyarwanda wanaita isarubeti, ni watu wa kazi, kama wale wa kiwanda cha saruji huko Bugarama. Hakuna anayewaomba picha.

Kilichotukata maneno ni hiki. Kuna jinzi zinazouzwa mpya zikiwa zimepauka tayari, kama zimefanyiwa kazi miaka kumi. Huko Uturuki, ili kuzipausha, vibarua walizipulizia mchanga kwa mashine ya hewa, ndani ya vyumba vilivyofungwa. Vumbi likaingia kwenye mapafu, vijana wa umri wetu wakaugua silikosisi, wengine wakafa. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2009. Mtu kufa ili suruali ya mwingine ionekane imefanya kazi! Mzee tulipomsomea habari hiyo alinyamaza muda mrefu, akauliza walikuwa wanalipwa ngapi. Hatukuwa na jibu.

(Ndugu zetu wa mashirika, msijifiche: na nyinyi jile zenu za mifuko mingi tumeanza kuziona kwenye harusi.)

Juzi mzee aliomba aletewe ile salopeti. Kifungo cha bega kilikuwa kimelegea. Akakikaza kwa koleo, kisha akamwonyesha mwanawe mfuko mwembamba wa pajani. "Hapa," alisema, "ni spana namba 13." Kijana akajaribu kutia simu. Haikuingia.