Hakuna Aliyefika Lulimba Peke Yake

Kijana anayeshuka milima ya Fizi juu ya pikipiki, begi mgongoni na godoro limekazwa nyuma kwa mipira, ametoka Uvira au Bukavu bila ndugu wala rafiki, anakwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya Misisi. Wengi wakimtazama husema huyo ni mtu wa zama hizi. Vita vilitawanya koo, dhahabu ikaita, na sasa kila mtu anashika njia yake. Zamani watu walihama ukoo kwa ukoo, na mzee alitangulia. Maelezo hayo yanasadikika kwa urahisi mno, nami naona yana makosa mawili. Safari ya mtu mmoja kwenda kuanza upya katika nchi hii ni kongwe kuliko mpaka wowote uliochorwa juu yake. Na msafiri huyo, jana na leo, hakuwa peke yake kama anavyodhaniwa, kwa kuwa safari yake haikuwa na maana pasipo mtu wa kumpokea huko aendako. Atakayechunguza yaliyopita kwenye njia za Lulimba atakuta watu wakigombania jambo moja kila zama: nani awe mpokeaji wa mgeni, na apate nini kwa kumpokea.

Lulimba iko chini ya milima, katika teritware ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, mahali ambapo barabara inayotoka Baraka na Fizi kupitia Lubondja inateremka na kukutana na nyingine mbili. Moja inakwenda kusini, Bendera hadi Kalemie. Nyingine inashika magharibi kupitia Misisi na Salamabila, ikiingia Maniema hadi Kabambare na Kasongo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara haikupita hapa. Waliotoka Ujiji walivuka Ziwa Tanganyika na kutua kusini zaidi, upande wa Mtowa. Lakini Kabambare ilikuwa kituo chao, na jinsi mgeni alivyoishi kule inatuonyesha desturi ya nchi nzima. David Livingstone, anayetajwa hadi leo kama mfano wa mtu aliyejitosa barani peke yake, alifika hapo Septemba 1869 akifuatana na watu wa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa ameshamuuguza na kumfikisha Ujiji akiwa amebebwa. Mpinzani mkubwa wa biashara ya watumwa aliishi kwa chakula na ulinzi wa watu walioishi kwa biashara hiyohiyo; shajara yake haifichi jambo hilo. Juni 1870 alipotaka kuondoka, walimfuata watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Waliobaki walimkatalia. Vitabu vingi vinawaita watoro na kuachana nao, ingawa mtu hakatai safari ya mwajiri wake katikati ya bara kama hana mlango mwingine wa kubisha.

Hata mwenye bunduki alihitaji kupokewa. Hamed bin Muhammad el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, anasimulia mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili namna alivyoupata utawala wa Utetera: alimwendea mtemi mzee, Kasongo Rushie, akamwambia kwamba yeye ni mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani. Mzee akakubali, akamwachia nchi. Uongo ule ulikuwa mkubwa, na huenda mzee hakuwa mjinga kiasi tunachodhani, kwani kumpokea mwenye bunduki kama mjukuu ni salama kuliko kumpokea kama adui. Kinachonivutia ni kwamba mtu mwenye uwezo wa kuteka aliona faida ya kujitengenezea ukoo kwanza.

Msomaji atanipinga hapa, na ana haki. Waliopita njia hizo kwa wingi walikuwa watumwa waliofungwa minyororo, na kusema kwamba walikwenda kuanza upya ni kuwatukana. Nakubali kuhusu safari yenyewe. Lakini tukiishia kwenye mnyororo tunawaacha watu hao njiani, na wao hawakubakia hapo. Wamanyema wa Ujiji, wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura na wa Kariakoo mjini Dar es Salaam, wenye mtaa na msikiti unaobeba jina lao, ni wazao wa waliotoka upande huu wa ziwa, wengine kwa nguvu, wengine kwa hiari, nao waligeuka wenyeji waliowafungulia milango wageni waliofuata. Aliyeng'olewa kwao bila ndugu alijipatia ndugu kwa dini, kwa lugha, kwa utani na kwa kuoa.

Dola ya kikoloni ndiyo ya kwanza kujaribu kuiondoa nafasi ya mwenyeji na kuweka karatasi mahali pake. Amri ya Wabelgiji ya 2 Mei 1910 ilimfunga kila mtu kwenye utemi wake. Aliyetaka kukaa nje yake zaidi ya siku 30 alitakiwa kuwa na hati. Amri ya 5 Desemba 1933 ikaendeleza mpango huo. Sababu haikuwa siri: tangu 1917 mwanakijiji aliweza kulazimishwa kulima mazao ya serikali hadi siku 60 kwa mwaka, na mkulima wa lazima hafai kama hajulikani alipo. Wakati huohuo reli ya Kabalo hadi Albertville, Kalemie ya leo, iliyokamilika 1915, ilivuta mizigo kusini, na njia ya Lulimba ikabaki ya pembeni. Je, hati ilifaulu? Kwenye daftari, labda. Ziwani haikufaulu. Aliyekimbia pamba na kodi alipanda mtumbwi usiku, na asubuhi alikuwa upande wa Kigoma, ambako palikuwa na shangazi au mtu aliyekubali kuitwa shangazi.

Baada ya uhuru karatasi ikafuatwa na kizuizi cha barabarani. Mwaka 1965 jeshi la serikali lilikuwa Lulimba chini, nao waasi wa Simba walikuwa juu ya mlima na kizuizi chao kwenye njia ya Fizi. Ernesto Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma Aprili mwaka ule na kupewa jina la Tatu, aliondoka Novemba akiwa ameshindwa, na katika maandishi yake analalamika kwamba mkuu aliyepaswa kumpokea, Laurent Kabila, hakuonekana kwa miezi. Kabila mwenyewe alijifunza. Chama chake cha PRP, kilichoanzishwa 1967 katika milima ya Fizi, kiliendesha kwa miaka mingi eneo lake chenyewe, kikisimamia dhahabu na pembe zilizovushwa Tanzania na kuamua nani aingie. Vizuizi havikuisha naye. Taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu 798 katika Kivu mbili kwenye ripoti yake ya 2017. Kizuizi kinamtoza mgeni, lakini hakimpi pa kulala.

Pingamizi la mwisho ni zito zaidi: dhahabu imeleta wageni wengi kiasi kwamba fedha sasa inatosha, na mwenye fedha hana haja ya mwenyeji. Tazama machimbo kwa karibu. Kijana aliyeshuka kwenye pikipiki hana fedha; ndiyo maana amekuja. Anaingia shimoni kwa mtu anayeitwa PDG, mwenye shimo, anayemlisha unga na maharage na kumnunulia tochi na betri wiki baada ya wiki kabla mwamba haujatoa chochote. Mwamba ukitoa, mifuko ya mawe inagawanywa: ya PDG, ya mwenye ardhi, ya wakubwa wenye sare au wasio na sare, na iliyobaki ni ya wachimbaji, ambao kwanza wanakatwa deni la unga. Aliyekula miezi mitatu bila kupata mshipa hawezi kuondoka kirahisi. Sioni tofauti kubwa kati ya deni hili na lile la mgeni wa misafara, ila leo hakuna binti wa kuoa wala shamba la kupewa mwishoni mwake. Anayetaka vitu hivyo hurudi vijijini, kwa chifu, na hapo desturi ya zamani bado inafanya kazi: mbuzi, kinywaji, mtu wa kumsemea.

Ndiyo maana mgogoro mkali wa miaka ya karibuni haukuanzia kwenye dhahabu, ulianzia kwenye ardhi. Oktoba 2005 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilianza kuwarudisha kwa meli, kutoka Kigoma hadi Baraka, watu wa Fizi waliokuwa wameishi kambini Lugufu na Nyarugusu tangu vita vya 1996. Wengi walikuta mashamba yao yamelimwa na wengine, wengi wao wakimbizi wa ndani waliokaribishwa na chifu kwa utaratibu uleule halali wa kienyeji. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni ya serikali, na katika ibara ya 389 ikaahidi amri ya rais itakayoeleza haki za wanaokaa kwenye ardhi za kimila. Meli ya kwanza ilipotia nanga Baraka, miaka 32 baadaye, amri hiyo ilikuwa haijatolewa. Mzaliwa wa kijiji alilazimika kwenda kwa chifu na mbuzi wake, akasubiri zamu nyuma ya mgeni aliyemtangulia.