Nani Hubaki na Barua? Chole na Historia ya Urafiki wa Kalamu

Nilivuka kutoka Utende kwenda Chole nikiwa na wanafunzi wangu, nia yetu ikiwa kuyaona magofu. Baada ya mji wa Kua, katika kisiwa jirani cha Juani, kushambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, Chole ndicho kilichokuwa kitovu cha visiwa vya Mafia. Wajerumani nao waliweka boma lao pale, wakalitumia hadi mwaka 1913 walipohamishia makao yao Kilindoni. Leo mizizi ya mitimikubwa imezikumbatia kuta zile kiasi kwamba huwezi kusema kama inazibomoa au inazishikilia zisianguke.

Swali nililorudi nalo, hata hivyo, halikutoka katika kuta. Lilitoka barazani kwa mzee mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini. Tulipokwisha kumwamkia na kueleza tulikotoka, aliuliza nani kati yetu ndiye mwalimu. Nikajitambulisha.

“Basi mwanangu, wewe uliyesoma sana niambie. Barua nilizomwandikia mtu Ulaya, nitazipataje?”

Akatusimulia. Katika ujana wake alikuwa na rafiki wa kalamu, kijana wa Kizungu aliyekuwa akijifunza Kiswahili. Makubaliano yao yalikuwa mepesi: mzee aandike kwa Kiswahili, mwenzake aandike kwa Kiingereza, kila mmoja amsahihishe mwenziwe. Waliandikiana kwa miaka sita, kwa karatasi zile nyepesi za barua za ndege. Mzee aliandika habari za pepo na misimu, majina ya sehemu za ngarawa, nyakati za bamvua na za maji mafu, na hadithi alizozisikia kwa mama yake. Kisha barua zikakoma, kama zinavyokoma nyingi za namna hiyo.

Aliagiza mjukuu wake alete kijisanduku. Ndani mlikuwa na barua za rafiki yake, zimefungwa vizuri kwa uzi. Tulizisoma kwa ridhaa yake. Zilikuwa fupi na zenye adabu: salamu, baridi, mitihani, shukrani kwa barua ndefu iliyopita. Barua ndefu zenyewe hazikuwamo. Mzee hakuwahi kubaki na nakala hata moja. Sasa wajukuu wanamuuliza hadithi za bibi yao mkuu, naye nyingi amekwisha kuzisahau.

“Alikuwa rafiki yangu, sina ubaya naye,” alisema. “Lakini maneno ya mama yangu yako kwake.”

Nimeufikiria usemi huo kwa muda mrefu, kwa sababu ndani yake imo historia ya zaidi ya karne moja ya pwani yetu. Tumezoea kudhani kwamba kutafuta mwenzi wa kubadilishana lugha ng’ambo ni jambo la kizazi cha simu. Sivyo. Waswahili walikuwa wakiandikiana barua kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya bendera ya Wajerumani kupandishwa hapa, na Wazungu waliotaka kuijua lugha hii walizifuata barua hizo. Mwaka 1887 ilianzishwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyowafundisha pia watu waliotarajiwa kutumwa makoloni. Carl Büttner, mmoja wa walimu wake wa Kiswahili, alichapisha mwaka 1892 mkusanyiko wa maandishi ya Waswahili kwa hati za Kiarabu, zikiwamo barua, ili wanafunzi wajizoeze kuyasoma. Maneno ya watu wa pwani yakawa somo darasani, mbali na macho ya wenyewe.

Hazikwenda barua peke yake. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1891 hadi 1895. Mwaka 1900 alifuata Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na mkasa wake unatufundisha zaidi ya mihadhara mingi. Maelezo aliyoyaandika na kuyakusanya kuhusu maisha ya watu wa Mrima yalikuwa msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani, na alipotaka kurejea nyumbani pamoja naye, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka Dar es Salaam. Akarudi Ujerumani, akafia huko mwaka 1927. Jina lake lilikuja kuwekwa mbele katika anwani ya kitabu mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen ilipochapishwa. Hiyo ni miaka 78. Lugha yake ilikaribishwa Ulaya kabla jina lake halijakaribishwa, na ndoa yake haikukaribishwa kwao.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila aliyetuandikia kutoka ng’ambo alikuja kuiba. Mtazame Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwanamuziki, mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri, aliyefariki mwaka 1945. Aliwanakilia tenzi na mashairi wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na akawaandikia barua za kuwafafanulia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imehifadhiwa London na Ujerumani. Kama isingekwenda huko, huenda mchwa na unyevu wa pwani vingekwisha kuimaliza. Kijumwa alijua thamani ya kalamu yake na alilipwa kwa kazi yake. Hata hivyo, mwanafunzi wa Lamu au wa Mafia anayetaka kuishika karatasi ya Kijumwa iliyohifadhiwa huko anahitaji viza kwanza.

Mafia yenyewe ina mfano wake. Mwaka 1965 Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, alifika katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa kisiwa kikuu. Huko alifahamiana na mkulima anayemwita Mohammed, jina la kubuni, ambaye kwa ombi lake aliandika shajara ya maisha ya kijijini kwa Kiswahili. Uhusiano wao ulidumu kwa miongo, na sehemu za shajara hiyo zilitokea kwa tafsiri ya Kiingereza katika kitabu cha African Voices, African Lives cha mwaka 1997. Hapa swali la jina linageuka. Mtoro alinyimwa jalada, ilhali Mohammed alifichwa jina ili kumhifadhi yeye na jamaa zake, kwa kuwa shajara inataja magonjwa, ndoa na ugomvi wa majirani. Kumbe kutajwa jina si heshima daima, wala kufichwa jina si dhuluma daima. Linalohitajika ni kwamba mwenye maneno aulizwe, na maneno yake yaweze kumrudia kwa lugha aliyoyatamkia.

Baada ya barazani, kijana mmoja anayeongoza wageni alinionyesha simu yake. Ana wenzi watatu wa kubadilishana lugha, aliowapata kwa wageni waliokuja kuwatazama popo wakubwa wa Chole na matumbawe ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Kila usiku huwatumia sauti: methali, vitendawili, maelezo ya kutega na kusuka dema. Nikamuuliza Kiingereza chake kimefika wapi. Akacheka kidogo, akasema wenzake hupenda sana kuzungumza Kiswahili, naye huona haya kuwakatiza.

Nilimwona mzee wa barazani akiwa na umri wa miaka ishirini. Tena hali ya kijana huyu inaweza kuwa ngumu zaidi. Barua ilikaa kwenye droo ya mtu mmoja, lakini sauti inaweza kunakiliwa na kusambazwa mara elfu pasipo yeye kujua, na simu yake ikidondoka baharini hatabaki na chochote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lugha ni mali, na mimi siwashauri vijana wafunge milango. Mwenzi mzuri wa ng’ambo hufundisha mengi yasiyofundishwa darasani. Nawashauri wawe na daftari. Kwanza, muda ugawanywe sawasawa: nusu saa ya Kiswahili, nusu saa ya lugha ya pili, na asiwepo wa kuona haya kuidai nusu yake. Pili, kila unachokituma, baki na nakala mahali pengine zaidi ya simu. Tatu, ulizeni mapema maneno yenu yatatumika wapi na kwa jina la nani. Rafiki wa kweli hatachukizwa na swali hilo.

Na kwenu maofisa wa utamaduni, nyaraka na elimu mnaosoma hapa: kabati moja lililo salama katika shule ya kila kata, lenye daftari la kuandikisha kilichomo, halihitaji mfadhili. Wazee wanaojua kusoma wanazo barua. Wengi hawajawahi kuulizwa na mtu.

Kabla hatujaondoka, mzee aliniomba nimwandikie rafiki yake kwa anwani iliyokuwa kwenye bahasha ya mwisho. Alitamka, nikaandika. Aliuliza afya kwanza, akauliza wazazi, na mwishoni, kwa upole, akaomba nakala ya barua zake, “hata zile zenye makosa.” Safari hii tuliandika nakala mbili. Moja niliipeleka posta. Ya pili tuliikunja tukaiweka katika kijisanduku, ya kwanza humo yenye maneno yake mwenyewe.